Shemeji, Pikapu na Jicho Moja

Vijana wangu, wengi wenu pale stendi na kwenye vijiwe vya bodaboda mnaijua sura yangu, jina hamlijui. Nimesikia mnavyoniita. Mnaniita Mama Miwani Iko Wapi, na mnadhani sisikii kwa sababu nimezeeka. Masikio yangu ni mazima. Jina hilo nimelipata kihalali: kila nikipita na kumkuta mtu amelala chini ya gari, au amechuchumaa mbele ya pikipiki na nyundo mkononi, nasimama, naitikia shikamoo yake, halafu namuuliza miwani iko wapi. Wengine mnanionyesha kichwani, mmeivaa juu ya kofia kama pambo. Kijana mmoja wa Mollo alinijibu kwamba ameiacha nyumbani isije ikachubuka. Nikamwambia amefanya vizuri sana, maana macho yanauzwa kila duka, miwani ndiyo adimu. Alicheka. Mimi sikucheka mbele yake, lakini nilipokata kona nilicheka peke yangu.

Nilikuwa muuguzi wa macho tangu usichana wangu mpaka nilipostaafu, muda mwingi hapa hapa Sumbawanga. Mnaweza kudhani kazi yangu ilikuwa ni wazee wenye mtoto wa jicho tu. Hao walikuwepo, na watoto wenye macho mekundu, na walimu wanaolalamika ubao hausomeki. Lakini Jumatatu ilikuwa siku ya mafundi wa nyumbani. Jumapili mtu anatoka misa ya kwanza, anavua shati la kanisani, anafungua boneti. Jumatatu asubuhi nikifika kazini namkuta kwenye benchi, jicho moja limefumba, machozi yanatiririka, na mke wake pembeni amekunja uso. Wote walianza kwa maneno yale yale, kwamba si kitu kikubwa, wamekuja kwa sababu mama watoto amesumbua.

Na wengi hawakuja mikono mitupu. Kabla ya kunifikia mimi walikuwa wameshapita kwa jirani. Kuna aliyetiwa maji ya sukari. Kuna aliyetiwa maziwa ya mama anayenyonyesha, na alinieleza jambo hilo kwa aibu kubwa, kwa kuwa mama mwenyewe alikuwa mkwewe. Mmoja wa kule Mwazye alikuja na shangazi yake, bibi mwembamba mwenye heshima zake, ambaye kijijini kwao ndiye aliyekuwa akitoa vitu machoni kwa kulamba kwa ulimi. Alikuwa amejaribu akashindwa, akaamua kumsindikiza mgonjwa wake hospitali. Alikaa karibu yangu, akainama kunitazama kazini kama fundi anavyomtazama fundi mwenzake. Nilipomaliza alitikisa kichwa, akasema kwamba mkono wangu si mbaya, ila natumia vyombo vingi.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Sista Benigna, mtawa mfupi, mkali, mwenye vidole vidogo kama vya mtoto. Siku yangu ya kwanza kwenye kiti nilimuuliza mgonjwa nini kimemwingia jichoni. Akajibu vumbi. Sista akanisogeza pembeni. Akaniambia nisimuulize mtu kilichoingia, maana hajakiona. "Muulize alikuwa anagonga nini," akasema. Nilikuja kuelewa baadaye. Vumbi linaanguka polepole, linakaa juu ya jicho, linauma sana, na linatoka kirahisi. Chuma kilichogongwa na chuma kinaruka kikiwa na kasi. Kipande kidogo kuliko punje ya ulezi kinaweza kupenya na kuingia ndani kabisa, kikaacha tundu usiloliona, na maumivu yakawa kidogo tu. Ndiyo maana mtu anayepiga kelele sana kwenye benchi hakunitia hofu. Yule aliyekaa kimya akisema linawasha kidogo, huyo ndiye niliyemvusha foleni.

Zamani hizo tulikuwa na tochi, kioo cha kukuzia kilichofungwa kichwani kwa mkanda, na ncha ya sindano. Unaegemeza mkono kwenye shavu la mgonjwa, unabana pumzi, na yeye anakupumulia vitunguu vya jana usoni. Baadaye ikaja mashine ambayo mgonjwa anaweka kidevu, nawe unamwangalia kwa darubini kutoka upande wa pili. Mashine nzuri sana. Mgonjwa wa kwanza niliyemwambia aweke kidevu alifumba macho, akatoa ulimi, akasubiri komunyo.

Sasa niwaambie habari za shemeji yangu Vitalis, maana ndizo hasa zilizonifanya nikae kuandika.

Vitalis ni mdogo wa marehemu mume wangu. Yeye na mke wake Leokadia wanaishi nyumba ya pili, tunatumia ua mmoja na jiko la nje moja. Utotoni aliugua surua, ikamwachia kovu jeupe kwenye jicho la kushoto. Jicho hilo linajua mchana na usiku, basi. Kila kitu kingine alichowahi kukiona duniani amekiona kwa jicho la kulia.

Alikuwa na pikapu ya zamani ambayo imebadilishwa vitu vingi hivi kwamba mwenyewe hakuweza tena kusema ni ya kampuni gani. Mwenye kuiendesha alikuwa Leokadia. Vitalis alikwenda kutafuta leseni, akafika kwenye kipimo cha macho, akaambiwa afunike jicho la kushoto asome. Akafunika, akasoma vizuri mno. Akaambiwa afunike jicho jingine. Akabadilisha mkono, akafunika lile lile la kushoto, akasoma tena vizuri mno. Yule mpimaji alimwacha amalize, kisha akamwomba afumbue vidole amwonyeshe alichofunika. Basi leseni akaichukua Leokadia. Yeye mumewe akawa fundi wa gari na kiongozi wa safari. Anakaa kiti cha kushoto, anakanyaga breki isiyokuwepo, na zulia la upande wake lilitoboka kabla ya lile la dereva.

Pikapu hiyo ilibeba mahindi ya watu kutoka Kate kuja mjini, na ndiyo iliyowalisha. Ilipoharibika, ilitengenezewa pale uani, mbele ya mlango wangu. Fikirieni hali yangu. Nimemaliza miaka yote ile kuwaambia watu wafunike macho, nimestaafu, nimekaa kibarazani kwangu na chai yangu, na mbele yangu kuna miguu miwili inatoka chini ya gari, na juu ya miguu hiyo, najua, kuna jicho moja tu la maana linatazama kutu ikilidondokea.

Nikamletea miwani. Si ya jua wala ya kusomea. Hizo zina uwazi pembeni na juu, na kitu kikiruka hakipiti mbele tu kwa heshima, kinaingia popote. Nilimletea ile ya plastiki nzito, inayofunika mpaka pembeni, yenye mkanda wa kuvuta nyuma ya kichwa. Alifurahi nayo kweli. Aliivaa akienda Mollo kwa pikipiki. Aliivaa akipepeta ulezi. Alipokwenda kurina asali aliivaa, na alipokata vitunguu vya sherehe ya kipaimara ya binti yao aliivaa siku nzima, akawasimulia wageni kwamba tangu azaliwe hajawahi kukata vitunguu bila kulia. Mahali pekee ambapo hakuivaa ni chini ya gari.

Nilimuuliza sababu. Akasema inaingia ukungu. Hilo lilikuwa kweli. Ulikuwa mwezi wa sita, na mnaijua baridi yetu ya mwezi wa sita, ukipumua unajiona. Nikamwonyesha dawa yake: paka tone la sabuni ya maji ndani ya kioo, sambaza kwa kidole, futa kwa kitambaa kikavu mpaka paonekane safi. Ukungu haushiki. Akajaribu, akakubali. Kesho yake mkanda ukawa unambana masikio. Nikaulegeza. Keshokutwa yake akasema chini ya gari kuna giza na mimi namwongezea kioo. Nikamletea taa ya kichwani. Hapo akatoa ile sababu yake ya moyoni.

"Shemeji," akasema, "mtu mwenye macho mawili anaweza kuyafungia ndani, ana la akiba. Mimi ninalo moja. Nikiliziba, nitafanyia kazi nini?"

Leokadia, aliyekuwa akichambua mboga, akasema bila kuinua kichwa kwamba amelala na akili hiyo kitanda kimoja miaka yote na bado hajaizoea.

Siku ya tukio ilikuwa Jumamosi. Boliti moja ya springi ya nyuma ilikuwa imekatika nusu, na nusu iliyobaki ilikuwa imeganda kwa kutu. Mizigo ilikuwa inasubiri Kate, na Leokadia alitakiwa aondoke kesho yake baada ya misa. Vitalis aliinua gari kwa jeki, akapanga mawe, akatoa gurudumu, akaingia chini na nyundo na tindo la kukatia chuma. Tindo lenyewe nilikuwa nimeshaliona na sikulipenda. Lilikuwa limegongwa mpaka kichwa chake kimechanua kama uyoga, na kingo zake zimepasukapasuka. Vijana, tindo la namna hiyo lipelekeni likasagwe kichwa au litupeni, maana zile kingo ndizo zinazokatika na kuruka. Nilimwambia. Akasema akimaliza hii tu.

Miwani ilikuwa imetundikwa kwenye kioo cha pembeni cha gari, mahali ambapo angeweza kuifikia kwa mkono bila kutoka.

Nilikuwa jikoni nageuza maharage. Nikasikia anagonga, anagonga, halafu pakawa kimya. Kimya cha mtu anayebadilisha spana nakijua, kina makorokoro ndani yake. Hiki hakikuwa na kitu. Nikauliza kwa sauti kama kuna usalama. Akajibu salama, amepumzika kidogo. Nikasikia maji yakimwagika kwenye beseni nyuma ya nyumba, na sikutilia maanani, kwa kuwa chakula kilikuwa karibu na mtu lazima anawe.

Tukaandaa mkekani: ugali wa ulezi, maharage, na migebuka ya kukaanga iliyoletwa na mtu kutoka ziwani. Vitalis akaja amevaa miwani.

Sikuamini. Nilimuuliza kama kuna vitunguu. Akasema hapana, ameamua tu kunisikiliza, amefikiri akaona nasema kweli, na kuanzia leo ataivaa kazini na nyumbani ili aizoee. Mnajua furaha ya mtu aliyehubiri muda mrefu akapata muumini mmoja. Nilimsifu mbele ya mke wake. Nilimtafutia samaki mkubwa. Nilisema mengi kuhusu unyenyekevu wa wanaume wa ukoo ule ambayo mume wangu, popote alipo, alishangaa kuyasikia.

Vitalis akakata tonge, akalibonyeza vizuri, akalichovya mkekani.

Alichovya pembeni ya bakuli, akalipeleka mdomoni likiwa kavu, akatafuna. Leokadia akanitazama. Akakata la pili. Safari hii alikwenda taratibu, vidole vikipapasa, akagusa ukingo wa bakuli, akatulia kama mtu aliyefika nyumbani, ndipo akachovya.

Nikaweka chini samaki wangu. Nikamwambia avue miwani. Akasema ameshaizoea. Nikamuuliza, si kwa sauti ya shemeji, kwa ile sauti ya kule kazini, alikuwa anagonga nini.

"Tindo," akasema. "Lakini haliumi, shemeji. Linawasha tu."

Nilimvua miwani mwenyewe. Kwa nje jicho halikuwa hata jekundu sana. Lakini mboni haikuwa duara. Ilikuwa imevutika upande mmoja kama tone la maji, na pembeni yake, kwenye kioo cha jicho, palikuwa na mstari mwembamba ambao mtu asiyejua angedhani ni unywele. Nilimuuliza ananiona. Akasema ananiona kama mtu aliyesimama nyuma ya pazia, na pazia linazidi kuwa zito.

Hapa nawaomba msikilize vizuri. Jicho la namna hiyo usilifikiche. Usilioshe. Usivute kitu chochote unachokiona kimechomoza. Usilifunge kwa kitambaa kinacholigandamiza. Yeye alikuwa ameshaliosha kwenye beseni, na nilimshukuru Mungu kwamba alilimwagia maji tu bila kulisugua. Ingekuwa ni tindikali ya betri au mafuta ya breki, hapo ningemwagia maji mengi bila kuchoka kabla ya kwenda popote. Lakini kwa chuma kilichopenya, unachofanya ni kulikinga lisiguswe. Nilichukua kikombe cha plastiki, nikakata kitako chake, nikalainisha kingo kwa plasta, nikakiweka juu ya jicho kikikaa kwenye mfupa wa nyusi na wa shavu bila kugusa jicho lenyewe, nikakibandika. Nikamwambia asile tena wala asinywe, maana huenda akaingia chumba cha upasuaji. Akauliza kama samaki wake anaweza kumsubiri.

Leokadia alikuwa amesimama na funguo za pikapu mkononi. Tukaitazama pikapu. Ilikuwa imekaa juu ya mawe, gurudumu moja limelala majanini. Akazirudisha funguo kiunoni, akapiga simu kuita bajaji.

Njiani Vitalis hakuona kitu, alikuwa katikati yetu amefunikwa kikombe usoni, lakini alimwambia dereva wa bajaji kwamba plagi yake haichomi sawasawa. Dereva akasema kumbe ndiyo maana. Wakaongea hayo mpaka hospitali, na mimi nikawa nimemshika shemeji yangu mkono.

Pale kitengo cha macho siku hiyo alikuwa zamu Gaudensi, kijana niliyemfundisha kazi mwenyewe, sasa ni mtu mzima mwenye upara. Aliponiona akaanza shikamoo mama, akaona sura yangu, akaikatiza. Alimkalisha Vitalis, akatoa kikombe kwa uangalifu, akawasha taa ya mashine. Kabla hajatazama akamuuliza, "Mzee, ulikuwa unagonga nini?"

Nilitoka nje nikasimama ukutani nikalia kidogo, na sijui hata leo kama ni kwa ajili ya Vitalis au kwa ajili ya Sista Benigna.

Picha ya eksirei ilionyesha kipande cha chuma ndani ya jicho. Gaudensi alisema ukweli kwamba hapa hawawezi kukitoa. Vitalis akachomwa sindano ya pepopunda na dawa za kuzuia usaha, na mchana ule ule tukapelekwa Mbeya kwa gari la wagonjwa, yeye amelala, mimi na Leokadia tumekaa pembeni.

Vitalis ni msemaji. Tulipita Laela hajasema neno. Tulipokaribia Tunduma akaniita.

"Shemeji, niambie kama muuguzi. Usiniambie kama shemeji."

Nikamwambia kama muuguzi sijui. Nimeona yaliyopona na nimeona yaliyokufa, na yote yalianza na tundu dogo kama lake.

Kisha akasema, "Likifa, nani atamwambia Leokadia ashushe gia pale kwenye mlima wa Kate?"

"Huwa nashusha mwenyewe," Leokadia akasema. "Wewe unasema nikiwa nimeshashusha."

"Siku zote?"

"Siku zote."

Leokadia alikuwa ameweka kiganja chake kifuani kwa mumewe na hakukiondoa mpaka tulipofika.

Walimfanyia upasuaji. Sisi tulikaa nje kwenye benchi, na niwaambie, benchi la namna hiyo nilikuwa nimewakalisha watu maisha yangu yote bila kujua lilivyo gumu. Daktari alitoka akasema kipande kimetoka, tundu limeshonwa, lakini kuona au kutoona kutajulikana bandeji ikifunguliwa.

Ikafunguliwa. Daktari, binti mdogo mwenye sauti ya chini, alimwambia afumbue polepole. Leokadia alisimama mbele ya kitanda. Vitalis alifumbua, akapepesa, machozi yakamtoka, akatazama mbele yake mpaka nikaona daktari anabana midomo. Akaulizwa anaona nini.

"Namwona mwanamke amefunga kitenge cha kijani," akasema. "Kitenge chenyewe kimefifia mno, sikujua. Amekonda. Na analia."

"Silii," Leokadia akasema, akijifuta kwa pindo la kitenge hicho.

Jicho halikurudi kama lilivyokuwa. Leo anavaa miwani ya kuonea, na mwanga mkali unamchoma. Lakini anasoma, anatembea, na anajua kitenge kikififia. Wengi niliowapokea mimi hawakupata hata hayo, na wengine walikuwa na macho mawili yenye afya siku walipoingia chini ya gari.

Tuliporudi nyumbani pikapu ilikuwa bado juu ya mawe. Vitalis amekatazwa kuinama, amekatazwa kunyanyua kitu, na mizigo ya Kate ilikuwa inasubiri na wenye mizigo wameanza kuulizia gari nyingine. Nikapendekeza tuite fundi. Leokadia akasema boliti yenyewe imebaki kidogo tu. Akafunga kanga kichwani, akavaa suruali ya mumewe, akaichukua ile miwani niliyomvua mumewe siku ile.

Vitalis tulimwekea kigoda mbali na gari, kwa sababu kipande kikiruka hakichagui kati ya anayegonga na anayetazama. Na hapo ndipo nilipoona mtu alivyogeuka. Kabla mkewe hajalala chini alimuuliza kama miwani imekaa. Alipolala akamuuliza kama ameipaka sabuni. Nyundo ilipopiga mara ya kwanza akamuuliza kama anaona vizuri. Leokadia akamjibu kutoka chini kwamba akiulizwa tena atatoka amvalishe yeye hiyo nyundo. Tindo safari hii lilikuwa jipya, tumeazima kwa jirani, kichwa chake kimenyooka.

Akagonga. Vitalis akamwelekeza kwa mdomo, apige kutoka upande wa ndani, aguse kwanza, asikilize mlio, apige. Mlio ukabadilika. Nusu ile ya boliti ikachomoka, ikaanguka chini na sauti ndogo isiyolingana kabisa na shida iliyotuletea.

Leokadia alijivuta nje akakaa majanini, anahema. Akataka kuvua miwani, Vitalis akamzuia, akamwambia ainame mbele kwanza, ajipanguse nyusi na paji la uso, ndipo avue, uchafu usije ukamwingia wakati wa kuivua. Hilo sikuwahi kumfundisha. Sijui alilipata wapi, labda kwa kulala siku zile akiwa hana la kufanya ila kufikiri.

Akainama, akajipangusa, akavua. Uso wake wote ulikuwa mwekundu wa kutu, mashavu, pua, mdomo, mpaka masikioni. Vipande vidogo vya chuma vimeshika jasho la shingo vinametameta juani. Macho peke yake ndiyo yaliyobaki safi, na ngozi iliyoyazunguka, weusi wake ule ule mzuri, kama vile hakuwahi kuingia chini ya gari.

Nilicheka. Leokadia naye akacheka, akauliza anafanana na nini. Vitalis hakucheka. Aliinuka taratibu kwenye kigoda chake, akaja akapiga magoti mbele ya mkewe bila kuinamisha kichwa, kama alivyoagizwa na daktari. Akamgusa shavuni kwa kidole gumba. Akakitazama kidole kwa karibu, kwenye mwanga, akikigeuza huku na huku, ile kutu na vile vipande.

"Vyote hivi," akasema, "nilikuwa navitazama vikija."